Tangu uchaguzi kaka yangu hamsemeshi mume wangu: ninyamaze au niseme?

Swali la msomaji

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mzaliwa wa Wete, nimeolewa Unguja. Mume wangu ni mtumishi wa serikali na kwao wote ni CCM. Kwetu Pemba ni upinzani, tangu enzi ya CUF mpaka sasa ACT. Miaka yote tuliishi kwa utani, ila mara hii utani umekwisha. Siku chache baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 kaka yangu alimwambia mume wangu mbele ya watu, "Nyinyi wa kura ya mapema hamna haya," yaani ile kura wanayopiga baadhi ya watumishi siku moja kabla ya wengine. Mume wangu akamjibu neno ambalo siwezi kuliandika. Baada ya hapo baba mkwe alifariki, na kaka hakuja kuzika wala hakupiga simu. Sasa mume wangu anasema Idi hatukanyagi Wete. Mama yangu ana presha na sukari, kila siku ananiuliza kumetokea nini. Usiku silali, naangalia simu mpaka saa nane, asubuhi naingia darasani kichwa kinauma. Watu wananiambia siasa isikuingilie, nyamaza. Lakini nikinyamaza naona kama nawasaliti wote wawili. Nifanye nini?

Jibu

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Waliokwambia unyamaze wanakutakia mema, lakini "siasa isikuingilie" ni neno jepesi kwa mtu ambaye kwao kura haijawahi kugusa kazi, kitambulisho wala kaburi. Zanzibar inagusa vyote vitatu. Ukinyamaza, kila mmoja atajijazia mwenyewe: kaka atasema umehamia kwa wakwe, mume atasema moyo wako uko Wete. Kwa hiyo sema. Shida iko kwenye nini kitangulie.

Katika ugomvi wa namna hii yapo mazungumzo matatu, na watu huyachanganya. Kuna mazungumzo ya mambo ambayo katika ukoo hayaguswi hata tukikosana vipi. Kuna ya yaliyompata kila mmoja. Na kuna ya nani kashinda, nani kaibiwa. Kaka yako na mume wako walianzia hilo la mwisho, tena mbele ya watu. Wewe anzia la kwanza. La pili lifuate mkishatulia. La tatu huenda msilifikie maisha yenu yote, na bado mkazikana na kuozeshana.

Utaratibu huu nimeuona kwenye historia yetu wenyewe, nivumilie kidogo.

Kususiana hakukuanza na kaka yako. Katika zile ambazo wazee wetu wanaziita Zama za Siasa, baada ya uchaguzi wa Julai 1957, watu wa chama cha Hizbu (ZNP) na wa Afro-Shirazi walifikia kugomeana maduka, mabasi na mazishi. Uchaguzi wa Juni 1961 ukamwaga damu, watu 68 wakafa. Vyama vingi viliporudi, katika uchaguzi wa tarehe 22 Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Yaliyofuata Pemba umesimuliwa, kama hukuyaona: mtu haingii gari la mtu wa chama kingine, hanunui dukani kwake, jeneza linapita wenye mlango wanabaki ndani. Kisha tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi wakawafyatulia risasi waandamanaji. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Sasa nakuuliza. Kaka yako alikuwa na umri gani Januari 2001? Alikuwa wapi siku ile? Nani wa mtaani kwenu hakurudi? Na baada ya hapo jiulize kama mume wako, katika miaka yote ya ndoa yenu, ameshawahi kumuuliza hayo. Naamini hajamuuliza, na si kwa ubaya. Watu wa pande mbili huoana, hula sahani moja, hutaniana kuhusu Simba na Yanga, na hilo moja wakalipita mbali kama wanavyopita nyumba yenye mbwa.

Mume wako naye ana yake. Huenda kwao kuna bibi anayesimulia ukoo wake ulivyofukuzwa kwenye shamba la mwenyewe kabla ya Mapinduzi, na hofu kwamba upande ule ukishika nchi watarudishwa kulekule. Au kuna ndugu yake aliyewahi kupangiwa kazi Pemba akakosa wa kumuuzia hata maji kwa sababu ya shati la kijani. Nimekaa na watu wa pande zote mbili, na karibu kila mmoja alianza kwa kuniambia kuwa wao ndio walioonewa. Wengi walikuwa wanasema kweli. Ndiyo sababu hoja za takwimu za kura haziwafikii. Takwimu anaijibu mtu asiyeumia.

Hapa sasa angalia mwaka 2010. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakatoka wamepatana. Maalim alipokwenda kuwaambia wafuasi wake kuwa anamtambua Karume, baadhi yao hawakumpokea vizuri hata kidogo. Tarehe 31 Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Na tarehe 31 Oktoba ukaja uchaguzi: Dk. Ali Mohamed Shein asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Linganisha na ile 50.2 kwa 49.8 ya mwaka 1995. Zote mbili ni nyembamba kama uzi, ila safari hii watu walilala usingizi, na asubuhi wavuvi wakaenda pwani.

Kilichobadilika ni kimoja. Mara hii anayeshindwa alijua tangu mapema kwamba hatapoteza kila kitu, maana Katiba ilishaandika kuwa atakuwamo serikalini. Mtu akijua hatanyang'anywa yote, anaweza kushindwa bila kufanya ugomvi wa roho.

Na maridhiano hayo yalipovunjika, yalivunjikia pale palipoachwa wazi. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila CUF, na kususiana kukarudi Pemba kwa kasi, maduka na mazishi vilevile kama miaka ishirini nyuma. Wapo wasiokubaliana nami, lakini mimi nasoma hivi: maridhiano yaligawa viti, hayakuwakalisha majirani wakasimuliana. Aliyefiwa mwaka 2001 alikuwa hajasikilizwa bado na mtu wa mlango wa pili. Jeraha jipya lilipokuja, lilikuta la zamani liko palepale.

Nyumbani kwako nataka ufuate njia hiyo kwa mpango wake, na usiishie katikati.

Anza na mume wako. Unaishi naye, na yeye ndiye mfiwa. Kabla ya jambo lolote la kisiasa, kubali kosa aliloona: kaka yako hakuja kuzika. Usilipunguze kwa "lakini na wewe ulimtukana." Hilo ni kweli na lina siku yake. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Kaka hakuja kumzika baba, na mimi nimeona aibu mbele ya watu wa kwenu. Sikuombi umsamehe leo. Nakuomba tupatane mambo matatu. Mama akiumwa nitakwenda, na kwenda kwangu hakutahesabiwa kuwa nimechagua upande. Kaka akija kutoa mkono wa pole, utampokea, hata kama ni kibarazani na kwa dakika tano. Na watoto hawatasikia neno baya la mjomba wao kutoka kwetu." Kisha nyamaza umwache afikiri. Akikubali mawili kati ya matatu, chukua mawili.

Kwa nini mambo haya na si mengine? Ugonjwa, mazishi, mama na watoto havina chama, na kila upande unavihitaji. Ndivyo vile viti vilivyowekwa kando kabla kura hazijahesabiwa.

Kisha kaka. Usimtumie ujumbe wa maandishi mrefu. Maandishi hayana sauti, na ataupiga picha auonyeshe rafiki zake. Mpigie simu wakati yuko peke yake, au vizuri zaidi panda boti uende. Mwanzo wa maneno ndio mgumu, na wengi huharibu kwa kuanza na lawama za chama. Sema lililokupata wewe: "Kaka, sikukupigia kukwambia nani kashinda. Baba mkwe wangu kazikwa na wewe hukuwepo. Waliniuliza ndugu zangu wako wapi, sikuwa na jibu. Mkono wa pole ukichelewa bado unapokelewa. Naomba uje, au kama huwezi, umpigie simu." Atataka kukurudisha kwenye kura. Atasema, "Hukusikia alivyoniambia?" Mjibu, "Nilisikia, na halikunipendeza, na siku ya kulizungumza hilo ipo. Leo nazungumzia mazishi." Rudia kama mara tatu, kwa sauti ileile. Inachosha, najua.

Ukihitaji mtu wa kati, chagua ami au mjomba au shangazi anayeheshimiwa na wote ambaye hajawahi kuonekana jukwaani. Sheha hapana. Hata awe mwema vipi, ni mteule wa serikali, na kaka yako ataona ameitwa ofisini.

Mazungumzo ya pili yasianze mpaka hayo yamekaa. Huenda ikawa wiki, huenda ikawa baada ya Idi. Haya ndiyo mazungumzo ya wazi unayoyatamani, na ndiyo yanayohitaji ufundi.

Yafanyike kwa watu wawili, watatu wakizidi. Barazani penye kahawa na watazamaji mtu hazungumzi na shemeji yake, anazungumza na wasikilizaji, na heshima ya chama inakuwa juu ya meza. Na yaanze kwa swali, swali la kweli ambalo hujui jibu lake: "Wewe siku ile ilikuwaje?" Sikiliza mpaka mwisho. Usisahihishe tarehe. Kisha simulia lako.

Kuna utafiti wa David Broockman na Joshua Kalla, uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa Miami, Marekani. Watu walitembelewa milangoni, wakaulizwa na kusikilizwa kwa kama dakika kumi kuhusu kundi la watu walilokuwa wanalibagua, wakaombwa wakumbuke siku ambayo wao wenyewe walihukumiwa kwa kuwa tofauti. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado imepungua. Lakini watafiti haohao mwaka 2018 walikusanya tafiti za kampeni za Marekani, wakaona kwamba kumfuata mtu na kumshawishi ampe kura mgombea fulani katika uchaguzi mkuu kwa wastani hakuleti mabadiliko yoyote. Ukiziweka mbili hizi pamoja unajua utegemee nini. Kaka yako hatahamia CCM na mume wako hatavaa zambarau. Kinachoweza kubadilika ni vile mmoja anavyomuona mwenzake akisikia jina lake.

Kanuni moja nakuomba uiseme kwa mdomo kabla hawajaanza: maiti hajibiwi kwa maiti. Mmoja akitaja Januari 2001, mwenzake asirushe Januari 1964. Akitaja 1964, asirushiwe 1961. Kila aliyetajwa asikilizwe mpaka mwisho, hata kama ni kwa ukimya tu, na zamu ya mwingine ije baadaye, ikiwezekana siku nyingine. Nimeona mazungumzo mazuri yakiharibika kwa sentensi moja tu inayoanza na "na nyinyi je?"

Hasira ikipanda, simamisheni. John Gottman, Mmarekani aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, anasema mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii tena, anajilinda, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Sisi tuna njia ya heshima ya kuondoka bila kuonekana umeshindwa: "Nakwenda kuswali Alasiri, nikirudi tuendelee." Ila urudi kweli. Anayeondoka asirudi amefunga mlango, na safari ijayo hataaminiwa.

Je, wewe useme msimamo wako? Unao, hata kama barua yako haikuutaja. Ukiulizwa, sema kwa ufupi na bila kuomba radhi. "Mimi naona uchaguzi ule haukuwa wa haki," au "Mimi naona matokeo ni ya kweli," chochote unachokiamini, "na bado wewe ni kaka yangu." Mpatanishi anayejifanya hana maoni hudharauliwa na pande zote. Watakuheshimu zaidi wakijua ulipo na wakaona huwadanganyi.

Mtandaoni ni jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali. Usiyaandike haya kwenye makundi ya simu wala usitume sauti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, sauti iliyotumwa kwa ndugu kumi na wawili inamfikia wa kumi na tatu, na mume wako ni mtumishi wa umma. Unaweza kuwa mkweli kabisa na bado ukachagua pa kusemea.

Sasa tuje kwako wewe, maana hadi hapa nimekupa kazi ya kupatanisha wanaume wawili ilhali hujalala.

Unajua yalivyokwenda. Siku ya kupiga kura, 29 Oktoba, intaneti ilizimwa nchi nzima. Iliporudi siku kadhaa baadaye, picha za maiti kutoka bara zikaanza kupita kwenye simu, pamoja na onyo la kutosambaza picha za kuzua taharuki. Ndipo hapo, nadhani, usingizi wako ulipoondoka. Si udhaifu wa imani wala wa moyo. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni Boston mwaka 2013, watafiti walikuta kuwa waliotazama habari za tukio lile kwa saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walikuwa na dalili nyingi za mshtuko kuliko hata waliokuwa pale bomu lilipolipuka. Wewe uko Unguja, hujaguswa na risasi, na mwili wako unaishi kama uliguswa.

Fanya hivi leo. Kwenye mipangilio ya WhatsApp zima picha na video kujipakua zenyewe. Simu kubwa ilale chumba kingine kuanzia saa tatu usiku. Najua utaniambia, mama akizidiwa je? Nunua kitochi cha bei rahisi, mpe namba mama na anayekaa naye tu, kiwe karibu na mto. Habari zisome mara moja kwa siku, baada ya Alasiri, kwenye chombo kimoja unachokiamini, dakika ishirini. Video ya maiti usiifungue hata ukiambiwa ni ushahidi. Ushahidi unahitaji mchunguzi. Macho yako ya saa saba usiku hayamsaidii aliyekufa. Bando likikuishia wiki hii, usilikimbilie.

Siku tatu nne za kwanza utakuwa na wasiwasi zaidi, mkono utatafuta simu. Hupita.

Kwa yale yanayozunguka kichwani, chukua karatasi. James Pennebaker alianza kulichunguza hili Marekani katikati ya miaka ya 1980: mtu anaandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo juu ya jambo linalomuumiza, bila kujali hati wala sarufi, bila msomaji. Wengi hujisikia vibaya zaidi wakimaliza kuandika, kisha baada ya wiki kadhaa wakawa nafuu kuliko wasioandika. Haimfai kila mtu. Ukiona siku ya pili unazama badala ya kupumua, acha. Na ukimaliza, ichane karatasi, usiiache kwenye droo ya skuli.

Kuna huzuni yako moja ambayo pengine hujaipa nafasi. Kaka yupo hai, namba yake ipo, na umempoteza. Mwanasaikolojia Pauline Boss ametumia maisha yake kuchunguza msiba wa aina hii, wa mtu ambaye hajafa lakini hayupo nawe, na anasema ni mgumu kuliko mingi kwa sababu hauna mazishi. Hakuna hitma, hakuna anayekuja kukupa pole, hakuna siku ya kuanua matanga. Ndiyo maana unalia ukiwa jikoni na huelewi kwa nini. Mwambie mtu mmoja. Mwalimu mwenzako, mama mdogo, mtu wa kikoba chenu, yeyote asiyekimbilia kukushauri.

Nasema hivyo kwa sababu nyingine pia. Watu hudhani wanaohimili shida wana roho ya chuma. Ann Masten, aliyefuatilia watoto waliokulia katika mazingira magumu kule Minnesota, aliandika mwaka 2001 kwamba walioinuka waliinuka kwa vitu vya kawaida kabisa: mtu mzima mmoja anayewajali, kazi au masomo yanayokwenda, mahali pa kuwa miongoni mwa watu. Hebu tazama kususiana kunakata nini: harusi, duka la jirani, mazishi, sikukuu, kupeana sahani za futari. Ni vilevile. Watu wanaadhibiana kwa kunyang'anyana vitu vinavyowawezesha kustahimili maisha, halafu kila upande unashangaa kwa nini presha zimezidi mtaani. Kwa hiyo usijitenge. Kaka akisusa, wewe usisuse. Harusi ya upande wa mume nenda, ya upande wa Wete nenda, hata ukikaa kidogo.

Darasani waambie wanafunzi kichwa kinauma. Inatosha, na ni kweli.

Nikuandikie na mipaka ya ushauri huu. Ikiwa hali ya kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kuona kila kitu hakina maana imekaa nawe siku nyingi kwa zaidi ya wiki mbili, au kama umeanza kufikiri kwamba ni afadhali ungekufa, usingoje Idi wala kaka. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Mnazi Mmoja, useme hivyohivyo kwa daktari. Watu huogopa kuonekana Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Huna haja ya kuanzia pale, ila ukielekezwa pale, nenda. Na jambo ambalo hukuliandika lakini lazima niliseme: kama maneno ya nyumbani yamefikia mkono, au vitisho, basi yote niliyosema kuhusu kupatanisha yasubiri. Usalama wako na wa watoto ndio kwanza, na kituo cha Mkono kwa Mkono pale Mnazi Mmoja kipo kwa ajili hiyo.

Mama umwambie nini? Ukweli, kwa kipimo. Mgonjwa wa presha anaumia zaidi kwa kubahatisha kuliko kwa kujua. "Mama, wamekosana kwa maneno ya uchaguzi. Si ndoa yangu, mimi niko salama. Nalishughulikia. Naomba usimpigie kaka kumlaumu." Hilo la mwisho ni muhimu, maana mama akimkemea, kaka atakuja kutoa pole kwa kulazimishwa na mume wako ataiona usoni mwake.

Kuhusu Idi, usilazimishe mume akanyage Wete mara hii. Mweleze kuwa utakwenda na watoto kumpa mama mkono wa Idi siku ya pili, na sikukuu yenyewe mtakuwa kwao, ambako mwaka huu kuna pengo la baba yake. Kwa mfiwa, kukaa naye siku ya kwanza kunasema mengi kuliko hotuba. Akitaka kufuatana nawe, aje. Asipotaka, mchukulie salamu zake mama kwa jina, kwa maneno atakayoyasema mwenyewe.

Huenda kaka asipokee simu. Basi mpe wiki mbili tatu, umpigie tena na maneno yaleyale, bila kuongeza ukali na bila kumwambia mtu kwamba hakupokea. Akikataa mara ya pili, peleka ami. Akikataa na huyo, umefanya sehemu yako kwa sasa; endelea kumtumia habari za ugonjwa na misiba kama ndugu wengine, hata asipojibu, ili siku akitaka kurudi asikute ameshatolewa kwenye orodha.

Na lile kundi la WhatsApp la ukoo, usitoke. Kutoka kutasomwa kama tangazo. Lizime sauti, kisha umuombe anayelisimamia afungue jingine la pembeni lenye kanuni moja: huko ni maradhi, misiba, harusi na michango tu, na atakayepachika siasa ujumbe wake unafutwa bila kuulizwa ni wa chama gani. Kaka na mume wako muwaweke wote wawili humo tangu siku ya kwanza.